Risasi Moja ya Wanyama Wote

Baba yangu alipomaliza miaka yake kiwandani Likasi, kampuni ilimpa baiskeli, blanketi na hotuba. Baiskeli ilikuwa nzuri. Hotuba ilisomwa na mtu aliyevaa abacost mpya, ile suti isiyo na tai, ambaye alilikosea jina la baba kila alipolitaja, na baba akapiga makofi kwa adabu, maana wakati ule katika nchi yetu kutopiga makofi kulikuwa kazi ngumu kuliko kazi ya tanuri. Kisha yeye na mama wakarudi kijijini kwao kando ya ziwa Tshangalele, na baba akalala.

Hapo sifanyi mzaha. Alilala akautazama ukuta, asubuhi mpaka jioni. Tulimleta mjini hospitalini, daktari akasema mapafu yamechoka lakini bado yanafanya kazi, akaandika vitamini. Baba akavimeza, akarudi kwenye ukuta wake. Mama alituletea habari hizo kila alipopata lori la samaki la kuja mjini, na sisi watoto tulisikitika sana, tukasema tutakwenda kumwona Noeli ikifika.

Nyati ndiye aliyemwamsha. Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha, na dume moja zee, lililofukuzwa na kundi lake, likaanza kuingia katika mashamba ya mihogo ya wanawake, kule chini penye matete. Baba aliwahi kuwinda ujanani, kabla kampuni haijamchukua. Asubuhi moja aliinuka bila kusema neno, akachukua pupu ya marehemu kaka yake, ile bunduki ya kienyeji ya bomba la chuma na baruti, akaishindilia bulon, bolti nene aliyokuwa ameitoa kiwandani kama ukumbusho, akateremka shambani na kufyatua. Nyati aliruka, akaacha damu kwenye majani, akaingia kwenye matete. Baba akarudi nyumbani, nyusi moja imeungua.

Sasa, kwa wawindaji wa kwetu, aliyemwaga damu ndiye wa kumaliza. Huwezi kumjeruhi mnyama mkubwa halafu ukamwachia mtu mwingine. Na mpaka umalize, unalala mbali na mke wako. Nyumbani hakuna kugombana, kwa sababu ugomvi wa nyumbani unamkasirisha mnyama kule porini. Wala jina lake halitajwi. Baba, ambaye alikuwa ametoka katika mji ambako kila mtu aliamriwa kuitwa citoyen, yaani raia, kuanzia mkubwa wa ofisi hadi mwizi wa kuku, alimwita nyati Citoyen.

"Citoyen iko mu matete," alituambia tulipofika mbio mbio, mimi na mume wangu. Alikuwa ameketi nje, na kitanda chake amekihamishia kwenye kibanda cha baiskeli. "Sasa majani ni marefu, sitamuona. Mupaka wakati majani itaungua. Majani ikiungua, minaenda."

"Na pupu?" nikauliza.

"Na bunduki ya kweli, kama mutanipatia. Kama hapana, na pupu."

Nilijua maana yake. Pupu inapiga mara moja, halafu unaanza kupika: baruti, kitambaa, chuma, unashindilia. Nyati mwenye jeraha hasubiri umalize kupika. Sikutaka kurudishiwa baba yangu ndani ya kikapu. Basi neno moja tu lilikuwa kichwani mwangu: bunduki ipatikane kabla majani hayajachomwa. Bunduki yoyote, yenye risasi yoyote.

Huko ndiko nilikokosea. Nilidhani wanaume wangenunua bunduki. Wao waliunda kamati.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza ni baba. Wa pili ni mjomba wangu, ndugu ya mama, dereva mstaafu ambaye aliwahi kuwaendesha Wazungu kwenda kuwinda na akarudi na maoni yao yote, isipokuwa nyama. Wa tatu ni mume wangu, mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi, karani katika ghala la vipuri la kampuni. Hakuwahi kuua kitu kikubwa kuliko mende. Lakini alikuwa na katalogi ya Kibelgiji ya bunduki, aliyoachiwa na injinia mmoja aliyerudi kwao, na ndani yake risasi zote zilichorwa kwa urefu wake halisi. Mwenye katalogi ndiye fundi.

Tatizo, walivyoniambia, lilikuwa kibali. Kibali kilikuwa cha bunduki moja tu. Kwa hiyo risasi lazima iwe moja, na moja hiyo ifae kwa wanyama wote, kuanzia funo mpaka tembo. Niliwakumbusha kwamba tembo wa mwisho upande ule alionekana na babu yangu, tena babu alikuwa mlevi.

"Kibali ni ya maisha," mume wangu akasema. "Citoyen akikufa, maisha itaendelea."

Basi Jumamosi baada ya Jumamosi tukapanda lori la kwenda Mwadingusha, kisha tukashika njia ya miguu kandokando ya ziwa, mume wangu akiwa na katalogi kwapani kama katekista na biblia yake, na kamati ikakaa. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nimezoea kelele. Lakini watoto wa darasa la tatu, ukiwauliza swali, mwisho wanajibu.

Mume wangu alitaka risasi ya neuf-trois soixante-deux, milimita tisa na pointi tatu kwa unene. Aliichagua kama alivyokuwa akichagua vipuri ghalani.

"Papa, ku magasin, machine yenye haina pièce de rechange ni mapambo," alisema. "Neuf-trois, bamissionnaire balikuwa nayo, Bagriki ba maduka balikuwa nayo. Maboîte ya risasi iko bado ku Likasi. Ni nzito, inaingia muzuri, na haivunje bega ya mutu. Funo, sawa. Mpongo, sawa. Citoyen, sawa."

"Neuf-trois ni ya kupiga mbuzi," mjomba akajibu. Yeye alikuwa mtu wa trois septante-cinq, risasi yenye nguvu zaidi. "Angalia mu kitabu. Trois septante-cinq iko na mukaba mu kiuno. Risasi yenye kuvaa mukaba ni risasi ya chef. Unapiga nayo Citoyen, unapiga nayo tembo, ukipenda unapiga nayo treni."

Mume wangu akaeleza kwamba ule mkanda kwenye kitako cha ganda ni wa kulishikilia ganda ndani ya bunduki na hauna uhusiano wowote na uchifu. Mjomba akasema watu wa Kasai wanasoma sana. Mume wangu akasema watu wa Katanga wangesoma kidogo, wasingehitaji watu wa Kasai kuwasomea. Hapo baba akainua mkono, kwa sababu ugomvi ulikuwa umekatazwa, na wote wawili wakaendelea kutukanana kwa sauti ya kanisani.

Baba mwenyewe hakuwa na upande. Alikuwa na maswali. Aliweka kidole chake kando ya kila risasi iliyochorwa, akapima, akafikiri. "Na kama anakuya uso kwa uso?" Basi wakajadili uso kwa uso. Wiki mbili baadaye: "Na kama anapitisha ubavu?" Wakajadili ubavu, mfupa wa bega, unene wa ngozi. Ilipokubaliwa neuf-trois, baba akauliza itakuwaje tawi likiwa katikati. Ilipokubaliwa trois septante-cinq, akauliza kama mtu mwenye mapafu kama yake atabaki amesimama akishaifyatua. Mjomba akasema atabaki amesimama, ila labda mahali pengine.

Mimi nilipendekeza bunduki ya kaliba douze, kumi na mbili, yenye ile risasi moja nene iitwayo brenneke. Inapatikana, nikasema, na inapatikana wiki hii. Wakanitazama watatu kwa huruma, kisha wakarudi kwenye katalogi.

Usidhani nilinyamaza. Nilisema majani yanakauka. Nilisema ng'ambo ya ziwa kuna moshi tayari. Nililia mara moja, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na mume wangu akaniambia kwamba haraka katika uchaguzi wa kaliba imewaua watu wengi, habari ambayo aliisoma katalogini chini ya picha ya Mzungu mwenye masharubu.

Upande wa mama nako nilipata lawama tupu. Mume wangu, kwa desturi ya kwao, hakuweza kukaa na mama mkwe wala kumtazama usoni. Waliongea ukuta ukiwa katikati, na kama ukuta haukuwapo aliongea huku akitazama kuku. Mama aliutumia ukuta ule vizuri. Akiwa jikoni alilalamika mfululizo, kwa sauti laini kabisa ili asivunje mwiko wa ugomvi.

"Banaume bangu, endeleeni, musiwe na haraka," alisema. "Minye ni mujane wa Citoyen. Minalala peke yangu na panya. Panya naye amechoka na minye."

Baba alikohoa. Mjomba aliinamisha kichwa, kwani habari za kitanda cha dada yake hazikumhusu. Mume wangu alimtazama kuku kwa bidii zote.

Pamoja na malalamiko yake, alitulisha vizuri. Bukari, yaani ugali wetu, ilikuwa nyeupe, laini, ya unga mpya wa mihogo, na siku nyingi ilikuja na nyama ya kukausha ambayo mama alisema wanawake waliinunua kwa wachuuzi wa Mwadingusha. Kamati iliila huku ikijadili namna risasi inavyopenya ngozi ngumu. Mjomba aliisifu. Baba, ambaye kabla ya hapo mama alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, alisafisha sahani na kuuliza kama kuna mchuzi.

Kibali nacho kilikuwa na vituko vyake. Sheria ilikataza raia kumiliki kaliba ya jeshi, na mume wangu, alipokwenda kuuliza ofisini, akataja kaliba moja aliyoiona nzuri katalogini ambayo kumbe ndiyo hiyo. Mwenye ofisi akainua kichwa polepole, akamwomba arudie. Ukutani nyuma yake picha ya Mkubwa wa nchi ilikuwa inatazama pia. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba amekuja kuuliza habari za baiskeli. Baadaye kibali kilipatikana kwa njia ambayo vibali vilipatikana wakati huo, na sitaieleza.

Mwisho, risasi haikuchaguliwa na kamati hata kidogo. Ilikuwa miaka ile ambapo maduka ya wageni yaligawiwa na serikali kwa wenye bahati kama peremende. Mgiriki mmoja, aliyekuta asubuhi duka lake lina mwenyewe mwingine, alikuwa anafunga mizigo, na bunduki yake ya neuf-trois ilikuwa haiingii kwenye sanduku. Mume wangu alirudi nayo nyumbani imefungwa ndani ya mkeka, pamoja na boksi za risasi, akisema kwamba hatimaye akili imeshinda. Nilimkumbatia. Jua lilikuwa jekundu kwa moshi, na habari ilikuwa imefika kwamba kijijini watachoma majani wakati wowote.

Tulifika Ijumaa alasiri. Vijana walikuwa wamekwisha kuchoma upande wa juu. Nchi ilikuwa nyeusi mpaka karibu na matete. Baba aliipokea bunduki kwa mikono miwili. Aliitoa risasi moja, akaishika mwangani, akaipima na kidole chake. Mjomba akasema ni ndogo. Baba akasema kesho asubuhi tutajua.

Asubuhi akaenda. Mume wangu akamfuata, na viatu vyake vya ofisi, akibeba katalogi. Mjomba alibaki kulinda nyumba. Mimi nilisimama uani nikiwatazama wakiteremka, baba mbele, mgongo umenyooka. Kaliba sasa ilikuwa sahihi, lakini mtu alikuwa yule yule, mzee wa mapafu yaliyochoka, anayekwenda kukutana na kitu kilichomngojea kwa hasira miezi mingi.

Mama akanigusa bega. Alikuwa na jembe.

"Kuya tuende ku shamba," akasema.

"Shamba gani? Kule chini?"

"Kuna ingine?"

Nilimwambia ana wazimu. Akatangulia. Nilimfuata kwa sababu sikuweza kuwapoteza wazazi wawili asubuhi moja. Tulipita njia ya nyuma, tukazunguka kichuguu, tukatokea penye mashamba yaliyosemekana hayajakanyagwa na mtu tangu mvua. Yalikuwa yamelimwa. Wanawake wa kijiji walikuwa humo, watoto mgongoni, wanang'oa mihogo na kupiga soga. Wakanisalimu, wakacheka, wakaendelea na kazi.

Mama akanipeleka pembeni, akasukuma kwa jembe lundo la miti ya mihogo. Chini yake kulikuwa na fuvu kubwa, limekauka, na pembe zake pana zimeanza kutafunwa na wadudu.

"Huyu njo Citoyen wenu," akasema.

Nilikaa chini. Nikaishika pembe moja.

"Alikufa wakati gani?"

"Juma ile ile. Ile bulon ya papa yako ilifanya kazi. Alianguka hapa karibu, mu majani. Tulisikia harufu kiloko, kidogo tu, tukakuya tukamuona."

"Na nyama?"

"Ilikuwa bado muzuri. Tulikausha." Akanitazama. "Ulikula. Ulisema chumvi imezidi."

Nikaikumbuka ile kamati, midomo imejaa nyati, ikibishana nyati ataangushwa na nini. "Banamuke bote banajua?"

"Bote."

"Na banaume?"

"Banaume balikuwa na réunion ya kamati."

Hakuna mwanamume hata mmoja katika kijiji kizima aliyekuwa amejiuliza bukari anayokula kila siku inatoka wapi, wakati hakuna mwanamke anayethubutu kwenda shambani. Hilo lingenichekesha, lakini nilikuwa nimekasirika mno. Nilimwambia mama kwamba nimekonda. Nimemsumbua mume wangu, nimelia mbele ya watu, nimeota baba amepasuliwa. Kwa ajili ya mnyama aliyekuwa tumboni mwetu. Kwa nini hakusema?

Mama aliketi kwenye lundo, jembe mapajani.

"Ile siku tulimuona, nilikimbia juu nimuambie papa yako," alisema. "Nilimukuta iko inje. Anapakaa pupu mafuta, anaimba. Sauti yake sikuisikia tangu tulitoka ku Likasi. Akaniona, akaniambia, mama, minye na njaa." Akaligeuza jembe mapajani. "Aliomba mwenyewe, mutoto wangu. Nikafunga kinywa. Na nyinye munaanza kukuya. Mbele ya ile, munakuya mara ngapi?"

Tulikuwa tumesema tutakuja Noeli.

"Kila mutu anaogopa nyama wa pori," akasema. "Minye minaogopa ule ukuta."

Nilimuuliza kuhusu kule kulala peke yake na panya, kama nako kulikuwa maigizo.

"Ile ni ya kweli," alisema mama, na akainuka kwenda kuchimba mihogo.

Tulirudi nyumbani kabla yao. Karibu na saa sita wakatokea, mume wangu kwanza, kiatu kimoja mkononi, kisha baba. Suruali ya baba ilikuwa imechanwa na miiba na uso wake umejaa majivu. Alikuwa anapumua kwa nguvu, lakini alikuwa anapumua akiwa amesimama. Mjomba akauliza. Baba akaketi, akaweka bunduki magotini.

"Citoyen amevuka mto Lufira," akasema. "Minaona njia yenye alipita. Sasa iko ng'ambo, na ng'ambo pori ni wazi, hauwezi kumukaribia. Ni kupiga mbali." Akaitazama risasi kiganjani mwake, kwa mashaka, kisha akamtazama mkwewe. "Bukwe, hii inafika mbali?"

Mume wangu alifungua mdomo kuitetea neuf-trois yake. Alikuwa na haki, risasi ile ingetosha kwa kila kitu kilichobaki hai kati ya Likasi na ziwa. Mjomba naye akavuta pumzi. Lakini baba alikuwa amegeuka kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaharakisha miezi yote ile, na labda alidhani ningesema inatosha, yaishe.

"Weye unaona namna gani?" akaniuliza.

Nilimwona mama mlangoni mwa jikoni, hatikisiki. Nikaichukua ile risasi, nikaipima na kidole changu, polepole, kama nilivyomwona baba akifanya.

"Papa, iko kiloko," nikasema. "Na haraka ni mubaya. Jumamosi tutarudi, tuanze tena."